Safari Hii Sifi

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za stendi ya mabasi Tainan, nikilia kwa furaha, muswada wa filamu mapajani. Wengine mmeniandikia mkiuliza mkosi ulikuwa wapi, maana mmenizoea. Mkosi ulichelewa tu. Ulikuja kwa treni siku kumi na mbili baadaye, umebeba mfuko wa vidonge vya nyama ya samaki, vya kupikia supu.

Kwa aliyelinunua gazeti hili kwa ajili ya kufungia vitunguu, nijitambulishe upesi. Naitwa Sulien. Nina miaka arobaini na sita, mwanamke, mwigizaji. Siku niliyozaliwa mkunga alimpongeza baba kwa kupata mvulana, na ilinichukua miaka ishirini kulisahihisha kosa la yule mama.

Kwenye sinema nimekufa mara kumi na moja.

Mara ya kwanza nilitupwa darajani. Mara ya pili mpenzi wangu aligundua "siri", akatapika kwenye beseni, kisha akanichoma kisu. Mara ya tatu nilijirusha mwenyewe, kuwapunguzia kazi. Nimegongwa na lori nikikimbia kwenda kuomba radhi. Nimekufa kwa ugonjwa usio na jina, wigi limekaa upande. Mara ya nane nilikufa kabla hata jina la filamu halijatokea. Jirani yangu alichelewa dakika nne kuingia, mpaka leo anadhani sikuwemo.

Na zile nilizobaki hai, nilibaki ili nichekwe. Natembea, watu wanacheka. Nafungua mdomo, watu wanacheka. Waandishi wa filamu walijua mambo mawili tu ya kufanya na mtu kama mimi: kumchekesha mtazamaji mwanzoni na kumliza mwishoni. Kufa kufaana, na mimi ndiye niliyekuwa nakufa.

Sasa baba. Mzee Tsai alichora mabango ya sinema kule Pingtung kwa miaka thelathini, yeye na ngazi yake na ndoo zake za rangi. Alikuja kuiona filamu yangu ya kwanza, akainuka kitini nilipofika darajani. Nilimkuta nje amesimama.

"Wa Kwanza," akaniambia, "mimi huwa namjua atakayekufa tangu nikiwa nachora bango. Huwekwa chini pembeni, mdomo wazi. Sitakuja tena kukutazama ukifa. Siku utakayobaki hai mpaka taa ziwashwe, niite."

Wa Kwanza ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake. Jina la zamani aliliacha bila kuambiwa, na kwa hilo namshukuru. Lakini "binti yangu" hajawahi kusema. Miaka ishirini na sita anakula kwangu, anakunywa kwangu, ananigombeza kuhusu viatu virefu, na neno hilo halimtoki.

Nikajiambia: akiniona kwenye kioo kile kikubwa cha sinema, mwanamke mzima, hai, anakunywa chai yake mpaka taa zinawashwa, labda litamtoka. Hilo tu ndilo nililolitaka kwenye filamu hii. Tuzo wachukue wenyewe.

Na mwongozaji Teng Yafang, msichana wa miaka thelathini na moja anayevaa ndala hata kwenye harusi, ndiye aliyenipa ule muswada. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Mimi ni Mama Lan, mwanamke wa aina yangu, muuza maua. Ukurasa wa mwisho Mama Lan anakula kifungua kinywa. Basi, imekwisha.

Nilimpigia baba simu palepale stendi.

"Sifi."

"Una hakika?"

"Nimesoma mara tatu."

"Soma ya nne," akasema, "halafu niwekee kiti cha katikati."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni.

Tulianza kazi kwa amani. Tulichoma udi mbele ya meza ya mananasi na nguruwe wa kuoka, kamera imefunikwa kitambaa chekundu kama bibi harusi, tukaomba tusiumie wala tusigombane. Siku nane zikapita bila mtu kuumia wala kugombana. Mimi jambo likienda vizuri hivyo huanza kutazama nyuma yangu.

Siku ya tisa asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha Atsu, mpambaji wetu. Jicho moja lilikuwa limeshapakwa wanja, la pili bado. Mjomba Kuo akaingia. Mjomba Kuo ndiye msimamizi wa kila kitu pale: magari, chakula, waigizaji wa kujazia, mpaka majeneza. Akanyoosha mikono yote miwili. Mikononi mlikuwa na bahasha nyekundu.

"Pokea, Dada Sulien. Usinikatalie."

Macho yake yalikuwa sakafuni.

Moyo ukanipiga paa. Kwetu sisi wa filamu, bahasha nyekundu ya namna hii, katikati ya wiki, kwa mikono miwili, haina maana mbili. Hupewa mwigizaji anayekufa, ili mkosi wa kifo cha mchezo usimfuate mpaka nyumbani. Unapokea, ukishamaliza kufa unaicheka kamera kwa sauti, na fedha yenyewe unaitumia siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshapokea kumi na moja. Siwezi kukosea.

"Ya nini hii?"

"Ya... mambo yetu yale."

"Mambo gani, Kuo?"

"Dada, mimi ni mtu wa chakula na magari tu. Muulize Teng."

Akatoka kinyumenyume kama aliyemwagia mtu uji.

Atsu alibaki na brashi hewani. "Na jicho la pili? Nipake nisipake?"

"Marehemu ana haja gani na macho mawili?" nikamwambia, nikatoka na jicho langu moja.

Nilimkuta Teng uani anakula mkate wa yai. Nikampiga na ile bahasha kifuani.

"Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili!" nikasema. "Nilikuwa nakula! Uji, mayai ya chumvi, na kachumbari! Nimemwambia baba!"

"Dada Sulien, pumua kwanza."

"Nipumue ya nini, si nakufa? Ni yule mwenye fedha, eh? Kasema watu wanataka kulia? Haya, daraja liko wapi? Nioneshe nijirushe kabla mpiga picha hajapata chai."

"Nani kakwambia unakufa?"

"Kuo."

"Kuo kasema unakufa?"

"Kuo kanitazama miguu!"

Teng alicheka mpaka akakaa chini, mkate na yote. Nikamsubiri amalize. Nilitaka kumnyonga, lakini mwongozaji akifa katikati ya filamu hakuna bahasha ya kutosha.

"Hufi," akasema akijifuta macho. "Nakuapia, hufi. Ila nimebadilisha kitu kimoja kwenye kile kipande cha msiba."

Kile kipande nakijua kwa moyo. Mama Lan anarudi kwao baada ya miaka ishirini. Anakuta wadogo zake walishatangaza kijijini kwamba kaka yao mkubwa alifia ng'ambo, kuliko kueleza alivyokuwa. Na siku anayofika ndiyo siku ya kumkumbuka marehemu. Anaingia, anajichomea udi mwenyewe, anasema "poleni kwa msiba", anakaa kula. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka nikiwa ndani ya basi mpaka kondakta akaniangalia.

"Tuliandika fremu ya picha ya marehemu iwe imefunikwa," Teng akasema. "Sasa naitaka picha yenyewe. Yako ya kweli, ya ujana. Picha yako ikikaa kwenye meza ya wafu, Kuo anaogopa mkosi, ndiyo maana ya bahasha. Nilimwambia akupe baada ya mimi kukueleza."

"Sina picha ya ujana."

"Hata moja?"

Zote nilizichoma nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, juu ya paa, kwenye kopo la biskuti. Zote isipokuwa moja, kwa sababu haikuwa yangu. Humo nina miaka kumi na tisa, niko kwenye jeshi la lazima, kichwa kimenyolewa, masikio yamesimama, nimepigwa jua getini pa kambi. Hiyo ni ya baba. Anaiweka kwenye droo ya brashi zake, na droo hiyo haifunguliwi na mtu.

Wasomaji wangu, hapa ndipo naungama.

Ningeweza kusema hapana. Teng angeelewa, fremu ingefunikwa, nami ningekula uji wangu na kachumbari yangu kwa amani. Lakini nilikiona kile kipande kichwani: mimi na gauni langu jekundu, ana kwa ana na yule kijana wa masikio. Kilikuwa kizuri mno. Mwigizaji ni mtu wa kuogopwa. Mwonyeshe kipande kizuri, atakuuzia mpaka babaye.

Nikapiga simu.

"Baba, ile picha ya jeshini."

"Ina nini?"

"Tunaihitaji siku mbili tatu. Itatundikwa sebuleni."

"Sebule ya nani?"

"Ya Mama Lan. Ukutani. Karibu na saa."

"Mama Lan na mwanajeshi wapi na wapi?"

"Ni... kumbukumbu, baba."

Nikamsikia anavuta droo.

"Ni moja tu hii, Wa Kwanza."

"Najua."

"Ukutani, sivyo? Si mahali pengine?"

"Ukutani, baba. Karibu na saa."

Kuiweka picha ya mtu aliye hai kwenye meza ya wafu, mbele ya udi, kwa watu wa umri wa baba ni sawa na kumwandikia mtu barua ya kumwita kaburini. Ningemwambia kweli, asingenipa. Kwa hiyo nikamdanganya, na picha ikafika kwa posta kesho yake, imefungwa kwa kurasa tatu za kalenda na gundi ya kutosha kuzibia mtumbwi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa Pingtung mpaka Tainan, saa moja na robo kwa treni.

Siku ya kupiga kile kipande tulikuwa kwenye nyumba ya kale yenye ua, nje kidogo ya mji. Mezani kitambaa cheupe, maua ya manjano, udi unafuka, na katikati yule kijana wa masikio ndani ya fremu nyeusi. Wazee kumi na tano wa kijiji walikuwa wameajiriwa kujazia msiba, kila mmoja kabandikwa kipande cha gunia kwenye mkono wa shati, ishara ya kufiwa. Mimi nilijificha nyuma ya mlango wa pembeni na gauni langu jekundu, nikisubiri zamu.

Yaliyotokea getini nimesimuliwa na Mjomba Kuo mwenyewe, akiwa amepiga magoti, kwa hiyo nayaamini.

Saa tisa alasiri alitokea mzee mmoja wa shati jeupe, jasho linamtoka, mfuko mkononi. Kuo akamrukia.

"Mzee, umechelewa! Wenzako wote wameshajipanga!"

"Nimekuja kuchukua picha yangu," baba akasema.

"Picha iko ndani mezani, twende, twende." Kuo akambandika gunia kwenye mkono.

"Hiki nini?"

"Kila mtu kavaa, mzee. Foleni inakwenda, ukifika mbele unainama mara tatu, unalia."

"Nalia?"

"Si lazima machozi. Sauti inatosha."

"Namlilia nani?"

"Marehemu! Hukuelezwa? Kijana wa nyumba hii, alifia ng'ambo."

"Maskini," baba akasema. "Na wazazi wake wako wapi?"

"Mzee, usiulize mengi, wewe lia tu. Na huo mfuko uache hapa."

"Ni vidonge vya samaki vya mwanangu."

"Basi ingia navyo. Utaonekana umeleta sadaka."

Baba alikuwa ameifuata anwani aliyotumia picha, na baadaye alieleza alivyofikiri. Alidhani watu wa filamu wameazima nyumba yenye msiba wa kweli, akaona si adabu kupita kwenye msiba wa watu bila kuinama. Huyo ndiye baba yangu. Hata marehemu asiyemjua hampiti bila salamu.

"Akisheni!" Teng akasema.

Wazee wakaanza kusogea. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango. Naona migongo, naona udi, naona mdogo wangu wa kwenye filamu anajiliza vizuri. Wa nane akainama, wa tisa, wa kumi. Nikauona mfuko wa plastiki wenye picha ya samaki. Nikasema moyoni, mfuko ule naujua.

Kisha nikaujua na mgongo.

Baba aliinama mara moja. Akainama mara ya pili. Ya tatu hakuinama. Alishusha miwani puani, akasogea, akaitazama picha kwa karibu kama anavyokagua rangi ambayo haijakauka.

"Nani kaiweka hii hapa?"

Yule mdogo wangu wa kwenye filamu ni mwigizaji wa jukwaani, hata nyumba ikiungua haachi nafasi yake. "Mzee wetu," akasema kwa kwikwi, "huyo ni kaka yetu. Alifariki."

"Alifariki lini?"

"Huu mwaka wa ishirini."

"Mwongo mkubwa wewe! Juzi tu kanipigia simu kunidanganya!"

Nilimtazama Teng. Alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono juu, na neno "kata" halimtoki.

Baba alivuta kitambaa cheupe, kikaja na kila kitu. Maua chini, udi chini, machungwa yakakimbia kila upande. Fremu ikaanguka, kioo kikapasuka. Wazee wa kijiji, ambao waliambiwa walie, walilia kwelikweli safari hii.

"Hajafa!" baba alikuwa anapiga kelele. "Mnanisikia? Hakuna msiba hapa! Binti yangu yuko hai! Nawaambia binti yangu yuko hai!"

Nililisikia kwa masikio yangu mawili, na mzee aliyesimama karibu na mlango alilisikia, na Atsu alilisikia, maana alidondosha kikapu cha poda.

Ilikuwa zamu yangu kuingia. Niliingia, ila si kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa niseme "poleni kwa msiba". Baba aligeuka akaniona, na mimi nilichosema ni "Baba". Kwenye muswada hakikuwemo.

"Kata," Teng akasema kwa sauti ndogo.

Watu arobaini wakapiga makofi. Teng alinikumbatia, akamkumbatia baba, akaukumbatia mpaka mfuko wa samaki. "Hiyo ndiyo filamu yangu!" akawa anasema. "Mzee, hiyo ndiyo filamu nzima!"

Baba alitazama taa, akatazama kamera, akalitazama gunia kwenye mkono wake. "Hii ilikuwa filamu?"

"Ndiyo, mzee."

Akanigeukia polepole. "Na saa iko wapi?"

"Saa gani, baba?"

"Ya ukutani. Uliyosema picha itakaa karibu nayo."

Sikuwa na pa kujificha. "Nimekosa, baba. Nilikudanganya."

"Umekosa sana! Unajichomea udi mwenyewe ungali mzima! Ungeshikwa hata na mafua usiku huu, ningemlaumu nani? Huyu wa magunia?"

Mjomba Kuo ndipo alipopiga magoti.

Mimi nilikuwa nagombezwa huku nacheka na kulia kwa pamoja, wanja umenifika kidevuni. Agombeze mpaka kesho. Neno lilikuwa limeshatoka. Miaka ishirini na sita nimelisubiri kwenye harusi, hospitalini, mezani siku ya mwaka mpya, na limekuja na machungwa yanayobiringika sakafuni. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata nikiwa hai wala nikiwa maiti.

Ila yeye mwenyewe hakuwa amelisikia. Hilo niliona. Alikuwa anaokota vipande vya kioo.

Ndipo Wenbin, fundi wetu wa kurekodi sauti, alipovua visikilizio vyake na kuinua mkono.

"Jamani," akasema. "Kuna tatizo."

"Mashine?" Teng akauliza.

"Mashine haina kosa," Wenbin akajibu kwa uchungu, akaonyesha pakiti ya kijani ya bisi anayoiweka juu ya mashine kama hirizi ili isimgomee. "Ni gari la taka."

Sote tukalikumbuka kwa pamoja. Lilikuwa limepita nje ya ukuta na muziki wake wa kuwaita watu watoe mifuko, na katika ghasia ile hakuna aliyelijali. Wenbin alituwekea tusikilize. Mpaka kwenye "hakuna msiba hapa" baba anasikika vizuri. Kisha ukaingia ule muziki wote, juu kabisa, na chini yake mzee anafumba na kufumbua mdomo. Neno lenyewe halimo.

Teng alifunika uso. Kisha akachuchumaa mbele ya baba, aliyekuwa bado sakafuni, na kumshika goti kama mjukuu.

"Mzee, samahani. Unaweza kurudia?"

"Nirudie nini?"

"Uliyoyasema."

"Nimesema mengi. Nimemwita yule kijana mwongo. Namwomba radhi."

"Si hilo. La mwisho." Teng akashusha sauti. "Ulisema binti yangu."

Baba aliniangalia. Nikaona limemfika sasa, kwa kuchelewa, kama mtu anayeguswa bega na mtu aliyesimama nyuma yake siku nyingi.

"Nimesema hivyo?"

"Umesema, mzee. Mara mbili."

Alikuwa ameishika ile picha ya jeshini, imetoka kwenye fremu, kona imechanika kidogo. Akaifuta kwa mkono wa shati, upande usio na gunia.

"Na mnataka niingie tena, niitazame hii, niiangushe tena."

"Ndiyo, mzee."

"Mara ya kwanza nilikuwa sijui nafanya nini," baba akasema. "Sasa nitakuwa najua."

La kwanza lilimtoka tu. La pili ingebidi alitoe mwenyewe, mbele ya watu arobaini, huku anamwangusha kwa mkono wake kijana aliyemtunza kwenye droo ya brashi miaka yote hii. Nilitaka kumwambia asifanye. Nilitaka pia alisikie kila mtu kwenye kila sinema ya kisiwa hiki.

Aliinuka, magoti yakalia. Akaja mpaka mbele yangu.

"Wa Kwanza. Umenileta hapa kwa uongo. Sasa niambie kweli. Unataka niseme kwa ajili ya filamu yao, au kwa ajili yako?"

Teng nyuma yake alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba. Mwaka mzima wa maisha yake ulikuwa kwenye kile kipande. Na mimi mwigizaji nilikijua thamani yake kuliko yeye.

"Kwa ajili yangu," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa analitegemea jibu hilo.

"Basi wazime."

Teng alisimama kidogo. Kisha akamwashiria mpiga picha. Mpiga picha akainama nyuma ya kamera yake, akagusa hiki na kile, akanyanyuka, mikono mfukoni.

"Tumezima, mzee," Teng akasema.

Baba akaniwekea ile picha kiganjani, akaikunja mikono yangu juu yake. Akavuta pumzi. Juu ya bega lake niliiona kamera, na ubavuni mwake ile taa ndogo nyekundu inayoonyesha kuwa inarekodi. Ilikuwa bado inawaka, na baba alikuwa ameshafungua mdomo.